Mapigo Sitini na Sita

Leo asubuhi, kabla sijatoa mguu nje ya blanketi, nimeshika mshipa wa mkono na kuhesabu mapigo ya moyo kwa dakika nzima: 54. Mwezi uliopita nilihesabu 66 siku nne mfululizo, dalili kwamba mwili ulikuwa umechoka, nikayaandika katika daftari hili hili, kisha kila mara nikafunga viatu na kutoka Uyole kuelekea Igawilo na kupita mbele, ukungu wa Juni ukiwa bado umetanda juu ya mashamba ya viazi.

Mama alikuwa amelazwa. Nilikesha kando ya kitanda chake nikipata usingizi wa saa nne tu kwa usiku, na kwa kuwa kukimbia ndiko kulikonituliza moyo, niliongeza kilomita badala ya kuzipunguza. Jumatatu koo likaanza kuwasha, Jumatano nikawa na homa. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hata kumwona mama nilizuiwa, nisije nikamwambukiza.

Kwa muda mrefu niliamini kuwa mbio ndefu zenyewe ndizo zinazovunja kinga ya mwili. Imani hiyo ina msingi wake: baada ya marathoni ya Los Angeles ya mwaka 1987, mtafiti David Nieman aliwauliza wakimbiaji kuhusu afya zao, na karibu asilimia 13 ya waliokimbia walisema waliugua katika wiki iliyofuata, ilhali kwa wakimbiaji wenzao ambao hawakushiriki ilikuwa asilimia 2 hivi. Tena ilijulikana kuwa saa chache baada ya mazoezi makali baadhi ya chembe nyeupe hupungua katika damu, na watu wakadhani zimekufa. Mwaka 2018 John Campbell na James Turner walipinga tafsiri hiyo, wakieleza kwamba chembe hizo huhama kwenye damu na kwenda kulinda sehemu kama mapafu na utumbo, na kwamba mkimbiaji anapougua tuangalie pia safari, msongamano wa watu, usingizi na wasiwasi. Mimi nakubaliana nao, kwa sababu sikuwa nimeshindana popote.

Mwili haujali kama mzigo umetoka barabarani au wodini. Kilomita 18 zenye vilima humwaga kortisoli, homoni ambayo ikizidi kwa muda mrefu huzubaisha kinga. Hofu ya kumpoteza mzazi huimwaga hiyo hiyo. Na usingizi, ambao ndio wakati wa kukarabati misuli, nilikuwa nimeukata katikati. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2015, watu waliowekewa virusi vya mafua puani wakiwa wamelala chini ya saa sita walikuwa na uwezekano wa kupata mafua zaidi ya mara nne ya ule wa waliolala zaidi ya saa saba. Nikikumbuka lile benchi la wodini, siwezi kushangaa.

Mwalimu wangu wa mazoezi alikuja kunijulia hali. Aliomba daftari, akalipekua taratibu, akaweka kidole juu ya zile namba.

“Mwanangu, haya uliyaandika wewe mwenyewe. Mbona hukuyasoma?”

“Nisamehe, Mwalimu.”

Alinikataza kukimbia hadi homa iishe kabisa na siku kadhaa zipite, kwa maana virusi vinaweza kushambulia msuli wa moyo, na kuulazimisha moyo wa namna hiyo ni hatari ya kufa. Nilitii. Nikala ugali, maharage na ndizi bila kujibana, nikalala saa mbili usiku kama mtoto, na niliporudi barabarani nikaanza kubeba fulana kavu, maana baridi ya hapa hukukuta na jasho mgongoni mara tu unaposimama.

Mama amerudi nyumbani tangu Ijumaa. Jioni hii ameviona viatu vyangu vikiwa vikavu pale mlangoni.

“Leo hukukimbia?”

“Kesho, mama. Kilomita tano, polepole.”

Akasogea kwenye mkeka, nikakaa naye, tukamenya viazi mpaka giza likaingia.