Mbio za Mzunguko Mfupi Nakuru Zinakosa Uwanja

Tangu Safari Rally irejee mwaka 2021 katika mashindano ya ubingwa wa dunia wa mbio za magari za rally, ambamo mara ya mwisho ilikuwemo mwaka 2002, macho ya watu wa Nakuru huelekea Naivasha mara moja kwa mwaka, kisha vumbi likitulia mchezo wenyewe husahauliwa. Ninachohofia mimi ni hatima ya otokrosi, yaani mbio za mzunguko mfupi wa udongo ambamo dereva hushindana na saa, kwa kuwa huko ndiko kijana asiye na mfadhili anakoweza kujifunza kwenda kasi bila kuhatarisha wapita njia. Mafundi tunao, gereji zetu zimejaa watu wawezao kufufua Subaru kuukuu, ingawa baadhi yao huiongezea kelele kuliko nguvu. Tatizo ni uwanja. Mashamba yanakatwa ploti, na hata akipatikana mwenye shamba mkarimu, waandalizi bado watagharimia bima, ambulensi, vifaa vya kuzimia moto, greda na lori la kumwagia maji, mzigo ambao kiingilio cha watazamaji wachache hakiwezi kuubeba. Kaunti inayonufaika na wageni wa Safari ingeweza kutenga eneo moja la kudumu, nasi tukalitunza.