Siku moja kati ya mahindi na kunde: kazi ya kuhesabu viumbe wa shambani

Saa 11:30 alfajiri huwa nimekwisha kusimama ukingoni mwa shamba nikiwa na daftari, kwa kuwa ndege huimba zaidi kabla jua halijapanda. Kazi yangu ni kuchunguza viumbe wanaoishi katika mahindi yaliyopandiwa kunde na fiwi kati ya mistari, na kuwalinganisha na wale wa kipande cha jirani chenye mahindi pekee. Katika kila kituo nasimama dakika 10, naandika ninachosikia na kuona, kisha nasogea.

Saa 1:30 asubuhi nakagua mitego, yaani vikombe vilivyofukiwa hadi midomo yake ikalingana na uso wa udongo. Hapa hukawia. Upande uliofunikwa hutoa mbawakawa na buibui wengi kuliko upande mtupu, kwani majani yaliyotanda hutunza unyevu, hupoza udongo na kuwaficha wasionwe na ndege. Wengi wa mbawakawa hao hula viwavi na mbegu za magugu, jambo ambalo mkulima hulifurahia. Hata hivyo kivuli hicho huwafaa pia konokono na panya, kwa hiyo siwaelewi wanaosifu mimea ya kufunika udongo kana kwamba huwaalika wageni wema tu.

Saa 3 nahesabu nyuki. Hesabu hii haingoji, maana maua ya kunde hufunguka asubuhi na kujifunga kabla ya adhuhuri. Mahindi huchavushwa na upepo, na ingawa nyuki hujichukulia chavua yake, hayana nekta. Kunde ndizo zinazowapa nekta, wao pamoja na nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya viwavi.

Adhuhuri ni ya kunakili takwimu, basi.

Saa 9 alasiri nakutana na mwenye shamba, anayetaka kufyeka fiwi kesho kwa kuhofia kwamba zitayanyang'anya mahindi maji. Hofu yake ina msingi, ingawa mbegu zilipandwa mahindi yakiwa na majani 4 hadi 6, wakati ambao huyawezesha kutangulia kukua. Tatizo ni kwamba kwale ameatamia kati ya mistari. Mayai ya kwale huhitaji takriban wiki 3 kuanguliwa, na vifaranga wake, ambao huanza kutembea mara tu baada ya kutoka kwenye yai, hutegemea sana wadudu katika siku zao za mwanzo. Shamba linalomvutia ndege kutaga, kisha likafyekwa kabla mayai hayajaanguliwa, ni baya kwake kuliko shamba tupu ambalo asingelitazama hata kidogo; ndiyo maana mimi huuliza kwanza tarehe ya kufyeka, halafu ndipo niulize aina ya mbegu.

"Mzee," namwambia, "tuanzie katikati tukielekea kingoni, ili walio ndani wapate njia ya kutokea, na ukanda wenye kiota tuuache hadi vifaranga watoke." Anakubali, kwa sharti kwamba ukanda wenyewe uwe mwembamba.

Saa 12 jioni natega mitego ya panya, ile inayowakamata wakiwa hai, kisha nachomeka vijiti viwili vya kuonyesha mipaka ya ukanda. Naviweka mbali kidogo na kiota, kwa sababu kunguru nao hujifunza maana ya kijiti.