Nilivyojifunza kutoangushwa: uzoefu wangu wa ulingoni Mwanza

Kwa miaka 6 nilicheza ngumi na mateke katika uzito wa juu nikiamini kwamba mtu mwenye kilo 103, ambaye miguu yake imezoea kubeba magunia, hawezi kuinuliwa na mtu mwingine. Kazi yangu ni kupakia dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na mazoezi nilifanya jioni, malori ya mwisho yakishafungwa turubai. Pambano langu la kwanza la mapigano mchanganyiko, ambamo kukamata, kuangusha na kukaba vinaruhusiwa pamoja na ngumi na mateke, lilimalizika kabla ya dakika 2. Nilirusha teke la kushoto, mpinzani akalidaka, akanisukuma nikaanguka chali, akanikalia kifuani, na refa akasimamisha pambano huku mikono yangu ikifunika uso na kushindwa kufanya kazi nyingine yoyote. Mpinzani huyo alikuwa na kilo 91.

Kushindwa nilikwisha kukuzoea. Kilichonisumbua ni kwamba katika wiki zilizofuata mguu wangu wa kushoto uligoma. Kila nilipotaka kuunyanyua mbele ya mtu, hata katika mazoezi ya kirafiki, nilihisi mikono ya yule bwana kwenye kifundo cha mguu, na teke likatoka nusu, au likatoka likiwa limechelewa. Mwalimu wangu, ambaye ni mtu wa karate na ninamheshimu mpaka leo, aliniongezea vyuma na kuchuchumaa na uzito mabegani. Nilifanya hivyo kwa miezi 2. Mapaja yaliongezeka nguvu, lakini woga ulibaki pale pale.

Ndipo nilipoanza kumtazama upya Mirko Filipović, ambaye dunia ya mapigano inamfahamu kwa jina la Cro Cop. Alizaliwa mwaka 1974 Vinkovci, nchini Kroatia, na jina hilo la ulingoni limetokana na kazi yake ya polisi, kwa kuwa alitumikia kikosi cha kupambana na ugaidi cha Lučko. Umaarufu wake ulianzia K-1, mashindano ya ngumi na mateke ya Japani, ambako mwaka 1996 alimshinda Jérôme Le Banner, na mwaka 1999 akafika fainali na kushindwa na Ernesto Hoost. Usemi wake kwamba mguu wake wa kulia ni hospitali na wa kushoto ni makaburini unajulikana na kila kijana wa jimu yetu, na ninaamini kwamba usemi huo ndio ulionipotosha, kwa sababu ulinifanya nitazame mguu peke yake. Safari hii, usiku baada ya usiku, nikitumia kifurushi cha intaneti cha usiku kwa kuwa ndicho cha bei nafuu, nilitazama nyonga zake na mahali anapoweka miguu baada ya mtu kumkamata.

Agosti 2001 alipambana kwa mara ya kwanza kwa kanuni za mapigano mchanganyiko, dhidi ya Kazuyuki Fujita, mtu wa mieleka. Fujita alipoinama kumfuata miguu, goti la Mirko likamchana kichwani, na pambano likasimamishwa ndani ya dakika 1 kwa sababu ya jeraha. Mtu akilitazama hilo peke yake atadhani ni bahati. Lakini ukifuatilia mapambano ya miaka iliyofuata unaona mwili unaojifunza jambo moja tu: mtu akimwingia miguuni, miguu inarudi nyuma, nyonga zinashuka kwa uzito wote juu ya mabega ya aliyeingia, kisha anajinasua na kusimama. Hakuwa na haja ya kuwa bingwa wa mieleka. Alihitaji kurudisha pambano mahali anapolijua, na kwa kuwa alijua atalirudisha, aliweza kupiga teke bila kusita.

Hata hivyo somo hilo lilimgharimu. Novemba 2003, mjini Tokyo, katika pambano la ubingwa wa muda wa uzito wa juu wa PRIDE, mashindano ya mapigano mchanganyiko ya Japani, alimpiga Antônio Rodrigo Nogueira karibu raundi nzima ya kwanza, ambayo kwa kanuni zao ilikuwa ya dakika 10, na akamwangusha kwa teke la kichwa raundi ikiwa inaisha. Raundi ya pili ilipoanza Nogueira akamwangusha, na mkono wa Mirko ukanaswa na kunyooshwa mpaka akasalimu amri. Nimelitazama pambano hilo mara nyingi kuliko lolote lingine, kwa sababu ndilo lililonionyesha kwamba niliyoyapata mimi katika ukumbi wa mjini kwetu yaliwahi kumpata mtu aliye bora kuliko mimi kwa umbali usiopimika, na kwamba yeye hakuyakimbia. Alifundishwa jujitsu ya Kibrazili, yaani sanaa ya kupambana chini kwa kukaba na kunasa viungo, na Fabricio Werdum, na Desemba 31, 2004, alimkaba shingo Kevin Randleman, mtu wa mieleka aliyekuwa amempiga KO, yaani kumwangusha asiweze kuendelea, miezi 8 kabla, na kumaliza kazi kwa sekunde 41. Septemba 10, 2006, siku aliyotimiza miaka 32, aliwashinda Wanderlei Silva na Josh Barnett usiku mmoja katika Saitama Super Arena na kutwaa taji la PRIDE la mashindano yasiyo na kikomo cha uzito. Silva aliangushwa na lile teke la kushoto.

Mimi sikuwa na Werdum, na katika jimu yetu hakuna aliyejua mieleka. Nilichokuwa nacho ni urafiki na kundi la wavuvi wa mwalo wa Igombe, ambao magunia yao yamepita mgongoni mwangu kwa miaka. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa, na mwezi unapokaribia kujaa mwanga wa taa hauvuti tena dagaa, kwa hiyo hukaa nchi kavu siku kadhaa kila mwezi wakishona nyavu na kuziba mitumbwi. Jioni za siku hizo vijana hushikana mieleka mchangani kwa kujifurahisha. Niliwaomba waniangushe kadiri wawezavyo, nao wakakubali kwa malipo ya sukari na majani ya chai. Kwa hiyo mazoezi yangu yalifuata mwezi wa angani: siku 8 au 10 za kuangushwa Igombe, kisha wiki 3 za kurudia peke yangu na kwa mwalimu.

Mtu anayevuta kamba ya wavu uliolowa usiku kucha ana vidole ambavyo sijawahi kukutana navyo jimu. Siku ya kwanza kijana mmoja mwenye asili ya Ukerewe, ambaye sidhani kama anafika kilo 65, alinikamata nyuma ya goti na sikuweza kuufungua mkono wake kwa mikono yangu yote miwili. Niliangushwa mara 14. Magoti yalichubuka, na magamba madogo ya dagaa yaliyochanganyika na mchanga yaliganda kwenye michubuko, yakimetameta kama vipande vya bati nilipoyamulika kwa simu. Niliyasafisha kwa maji ya bomba na sabuni, na nawashauri wanaofanya mazoezi ufukweni wafanye vivyo hivyo wala wasijimwagie maji ya ziwani, maana kichocho kipo katika fukwe nyingi za ziwa letu.

Aliyenirekebisha ni mzee mwenye mtumbwi, ambaye alikuwa amekaa juu ya ndoo akitutazama kwa siku 3 bila kusema neno.

"Mwanangu," aliniambia, "unasimama kwa visigino. Anayesimama hivyo mtumbwini, wimbi la kwanza linamtupa majini."

"Nifanyeje, mzee?"

"Panda."

Nilipanda mtumbwi uliofungwa kamba kwenye maji ya magotini, nikasimama katikati, na vijana wawili wakaushika pande zote na kuanza kuutikisa. Mwanzoni nilikaza magoti nikaanguka. Mzee akasema nilegeze magoti, nikanyage kwa nyayo za mbele, na kiuno kiende chini kila mtumbwi unapopanda. Baada ya jioni kadhaa nilielewa kwamba kile kiuno kinachoshuka ndicho nilichokuwa nikikiona kwa Mirko kwenye simu. Mchangani, kijana aliponivamia, niliacha kushindana na mikono yake. Nilitupa miguu yote miwili nyuma, nikamlalia mgongoni kwa nyonga, nikapitisha mkono mmoja chini ya kwapa lake, na kumwacha abebe kilo 103 mpaka vidole vyake vilegee vyenyewe. Aliyekuwa akiniangusha mara 14 kwa jioni alifika mara 5, halafu 3.

Sehemu ngumu zaidi ilikuwa kuinuka. Mtu mzito akilala chali hutaka kusukuma kwa mikono, na akisukuma huwa ametoa mkono wake ukamatwe, kama Nogueira alivyoukamata wa Mirko. Nilijifunza kugeukia ubavu kwanza, kuweka kiwiko na kisha kiganja chini, kukanyaga kwa mguu mmoja, kuinua nyonga na kuuvuta mguu mwingine upite chini yangu. Nilirudia tendo hilo mara 50 kila alfajiri kwenye sakafu ya chumba changu kabla ya kwenda kazini, na ninaliona kuwa na thamani kuliko vyuma vyote nilivyobeba.

Katika mwezi wa tisa wa mazoezi hayo teke lilirudi bila kuitwa. Nilikuwa nikicheza na mwenzangu jimu, mikono yake ikashuka kunifuata kiuno, na mguu wa kushoto ukawa umekwisha kufika begani mwake. Wakati huo nililielewa pia pambano la Aprili 2007 mjini Manchester, ambalo wengi hulisimulia kama aibu ya Mirko, kwamba Gabriel Gonzaga alimpiga KO kwa teke la kichwa, silaha yake mwenyewe. Wanasahau kilichotangulia. Gonzaga alikuwa amemwangusha na kumpiga viwiko chini, na kwa maoni yangu aliyesimama pale tena ni mtu ambaye mawazo yake yalikuwa yamebaki sakafuni. Walirudiana Aprili 2015 mjini Kraków, Mirko akiwa na miaka 40, na katika raundi ya tatu alimlegeza kwa viwiko, akamaliza kazi akiwa juu yake, chini, mahali pale pale alipoteswa miaka 8 iliyopita. Aliacha mapambano mwaka 2019 baada ya kupata kiharusi, wiki chache tu baada ya kumshinda Roy Nelson. Ninamwombea afya njema.

Pambano langu la pili lilikuja miezi 14 baada ya la kwanza, raundi 3 za dakika 5, na mpinzani alinizidi kilo 4. Aliniingia miguuni mara 6 kwa hesabu ya mwalimu. Mara 5 nilimlalia. Katika raundi ya pili alinipata, nikaanguka kwa ubavu, nikahisi mkono wake ukitafuta shingo yangu, nikaweka kiwiko, kiganja, mguu, na nikasimama. Teke la kushoto nililirusha bila kulihesabu, moja likamfikia juu ya sikio akayumba hadi kwenye kamba, lakini hakuanguka, na nilishinda kwa pointi.

Usiku huo mwezi ulikuwa mwandamo, kwa hiyo rafiki zangu wa Igombe walikuwa ziwani. Simu yao iliita saa 1 asubuhi, nikiwa nimelala na barafu kwenye goti, na nyuma ya sauti ya mzee nilisikia mitumbwi ikiburutwa mchangani.

"Alikuangusha mara ngapi?"

"Mara moja, mzee."

"Ukakaa chini kwa muda gani?"

Nilimwambia kwamba kwa saa ya mwalimu ilikuwa sekunde 9. Nilimsikia akiwatangazia wenzake sekunde hizo kwa sauti kubwa, kisha akarudi kwenye simu na kuniuliza kama nilishinda.