Unasikiliza albamu gani siku hizi?

Jumapili usiku, Dodoma

Kijiweni kwetu Majengo, nyuma kidogo ya soko, Jumamosi jioni lazima swali hili liulizwe: unasikiliza albamu gani siku hizi? Ukitaja wimbo unarudishwa. Wimbo kila mtu anao. Utausikia kwenye daladala, saluni, kwenye spika ya muuza chipsi, upende usipende. Albamu inabidi uikalie. Uanze nayo mwanzo, uvumilie zile nyimbo ambazo hazikukukamata mara ya kwanza, ufike mwisho ukijua mwenyewe alikuwa anakupeleka wapi. Mimi naamini msanii akishatoa albamu, hiyo ndiyo heshima tunayoweza kumpa.

Jana mazungumzo yalinoga kuliko kawaida, naandika kabla hayajapoa.

Fundi simu wetu ndiye aliyefungua. Yuko na The God Son ya Marioo, iliyotoka 2024. Anaiweka asubuhi akifungua kibanda na haigusi mpaka iishe. Anasema anapenda sauti ya Marioo inavyotulia juu ya biti bila kujilazimisha. Dada mmoja anayesoma UDOM akamjibu kwa Only One King ya Alikiba, ya 2021, kisha wakaanza kubishana nani kati yao anajua kuimba mapenzi. Ubishi huo hauishi na sina haja ya kuumaliza hapa.

Kilichonigusa zaidi ni jibu la kaka yetu wa bajaji. Yeye amerudi kwa Professor Jay, Machozi, Jasho na Damu, albamu ya 2001. Ameipakia kwenye flashi na abiria wake wote wanaisikia, watake wasitake. Kuna mwanafunzi alimuuliza huyu anayechana ni nani, naye akasimamisha bajaji pembeni ili amweleze vizuri. Ilibidi nicheke, lakini nilimwelewa. Kwa sisi tuliokua na muziki ule, albamu hiyo ilitufundisha kwamba mtu anaweza kuongea Kiswahili chetu cha kila siku juu ya mdundo, akasema mambo ya nchi, na wazazi nao wakakubali kusikiliza. Mle ndani kuna Ndio Mzee, ile ya mgombea anayeahidi kila kitu na wananchi wanaitikia tu. Miaka kadhaa baadaye aliyeutunga akachaguliwa kuwa mbunge wa Mikumi, 2015 hadi 2020, akawa anakuja kukaa bungeni hapahapa Dodoma. Kaka wa bajaji anasema akipita Barabara ya Dar es Salaam karibu na Bunge huwa anaongeza sauti wimbo huo ukifika. Nadhani hiyo ni namna yake ya kumkumbusha kila mbunge kwamba maneno yale bado yana kazi.

Mzee, jirani yetu anayeuza karanga na ubuyu, hana albamu. Ana bendi. Ukimuuliza anakujibu, "Mbaraka," basi, kama vile jina hilo linajitosheleza, na kwake linajitosheleza kweli. Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki kwa ajali ya gari kule Mombasa mwaka 1979. Mzee alitueleza kwamba enzi hizo muziki uliufuata dansini au ukausubiri redioni, na kama ulikuwa na uwezo ukanunua santuri ndogo, upande mmoja nusu ya wimbo na upande wa pili nusu nyingine. Unasikiliza, unainuka, unageuza, unaendelea. "Hapo katikati ndipo mlipokuwa mnapumua na mwenzio," akasema. Dada wa UDOM aliandika maneno hayo kwenye simu yake.

Zamu yangu ikafika. Nikasema Chibite.

Wengine walinyamaza. Kaka wa bajaji akauliza hiyo ni ya nani, nikamwambia ni ya Hukwe Zawose na mpwa wake Charles Zawose, ilitoka 1996. Hukwe alikuwa Mgogo, mtoto wa Dodoma hii. Mwalimu Nyerere alimwita Dar es Salaam kwa ajili ya kipaji chake, na baadaye akawa sehemu ya chuo cha sanaa Bagamoyo, ambako aliishi na ukoo wake mpaka alipofariki Desemba 2003. Mwaka uliofuata Charles naye akaondoka. Chibite ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel iliyoko Uingereza, na huko nje kuna watu wanaoijua albamu hiyo wimbo kwa wimbo.

Mimi nilitumiwa na binamu yangu wa Mvumi. Mpaka hapo muziki wa Kigogo nilikuwa naukuta kwenye harusi, na kwenye hafla ambapo kina mama wanapewa dakika chache kumpokea mgeni rasmi kisha wanaambiwa asanteni, kaeni pembeni. Sikuwahi kukaa nao wimbo baada ya wimbo. Wiki hizi nimekaa nao kila usiku, hedifoni masikioni, taa nimezima ili nisishike kitu kingine. Sauti ya Hukwe inatoka chini kabisa kifuani, halafu bila kukuonya inapanda juu mpaka unajiuliza kama ni mtu yuleyule. Izeze, zeze letu la Kigogo, inakwaruza, ilimba, ile ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba juu ya sanduku, inazunguka palepale, na ukidhani inarudia kumbe imeshabadilika kidogo. Ukikata wimbo mmoja ukauweka katikati ya nyimbo nyingine za simu yako unapotea. Ndani ya albamu sikio linazoea, na likishazoea linaanza kusikia vitu.

Tukaunganisha simu yangu na spika ya fundi. Nilikuwa na wasiwasi, maana sokoni jioni kuna kelele. Lakini ilimba ilipoanza Mzee akaweka kikombe cha kahawa chini. Akatuuliza kama tunausikia ule mvumo ulio chini ya vyuma, kama nyuki ndani ya mzinga. Tukasikiliza, kweli upo. Akasema fundi wa ilimba hutoboa tundu kwenye sanduku lake, akalibandika utando wa buibui, na utando huo ndio unaotetemeka chuma kikiguswa. Bila utando, akasema, ilimba inalia lakini haisemi. Nimeisikiliza albamu hii usiku mwingi na mvumo ule nilidhani ni wa kurekodi.

Nikabaki nawaza. Chombo kimetengenezwa kwa mti, chuma na utando wa buibui wa huku kwetu. Sauti yake ikatolewa kwenye diski Uingereza. Na imerudi Majengo kupitia simu, ikamkuta mzee muuza karanga anayejua kila kipande chake. Mtu huyo tumekaa naye miaka na hakuna aliyewahi kumuuliza juu ya ilimba, kwa sababu hakuna aliyewahi kuileta ilimba kijiweni. Ndiyo maana nalipenda swali letu la Jumamosi. Hapo Chamwino kuna tamasha la muziki wa Cigogo, ni jambo kubwa, na anayeweza kwenda aende. Ila tamasha ni la siku chache. Mimi nataka muziki huu uwe pia kwenye flashi ya bajaji, katikati ya Marioo na Professor Jay, mtu aukute akienda Nkuhungu au Nzuguni kwenye mabasi.

Fundi, ambaye hakuwa amesema neno tangu spika ianze, akauliza kama ukoo huo bado unapiga. Nikamwambia upo, na sasa wako mbele wanawake waliozoea kuitikia nyuma: Pendo, binti wa Hukwe, na Leah, mjukuu wake. Wanajiita The Zawose Queens, na 2024 walitoa albamu yao, Maisha, kwa lebo ileile. Akaipakua palepale kwa bando lake. Ndiyo atakayokuja nayo Jumamosi ijayo, na Marioo atapumzika.

Mimi nimeshamtumia binamu Maisha leo mchana. Bibi yake kule Mvumi amepiga muheme tangu usichana, ngoma ikiwa imebanwa magotini, na bado anawafundisha wajukuu. Nimemwomba amwekee albamu yote, asiruke hata wimbo mmoja, halafu anirekodie bibi atakachosema kuhusu ngoma zao. Najua hatanyamaza. Akiridhika atasema, na pakiwa na mkono uliopiga vibaya atautaja. Hiyo rekodi ndiyo nitakayokwenda nayo kijiweni.