Matembele ya Julai

Julai ya Mbeya haina utani. Mwaka 2019 nilirudi Uyole kwa shangazi kwa likizo ya wiki mbili, maneno ya jikoni yamenijaa mdomoni. Nilikuwa nimefanya kazi miezi kadhaa kwenye hoteli moja Dar, chini ya mpishi mama wa Kithai, na pishi lake moja lilikuwa halinitoki kichwani: majani ya phak bung, mboga ya kwao Thailand, yanachovywa kwenye rojo na kukaangwa mpaka yanalia mdomoni, halafu yanaletwa na mchuzi mwembamba wa ndimu, pilipili na nam pla, yale maji ya samaki waliovundikwa kwa chumvi.

Phak bung hupenda majimaji, na Uyole nisingeipata. Ila ni ndugu wa kiazi kitamu, ukoo mmoja kabisa, na matembele, majani ya kiazi hicho, pale soko la Mwanjelwa ni mafungu kwa mafungu. Badala ya nam pla nilinunua usipa wakavu wa Ziwa Nyasa, nikawachemsha na chumvi na sukari guru mpaka vikabaki vijiko vichache, nikachuja. Jirani akapaza sauti toka ng'ambo ya michongoma: nani kaunguza dagaa?

Rojo nililikoroga kwa unga wa mchele wa Kyela, ule ule wa vitumbua. Unga wa mchele hauvutiki kama wa ngano, ndiyo maana ganda lake hukauka likakatika. Yule mama hotelini alitia barafu kwenye maji. Mimi nilifungua bomba tu. Julai maji ya Uyole yanauma vidole.

Basi nikajiona fundi. Matembele nikayatia karaini yakiwa bado yanachuruzika. Mafuta yakaruka, yakanibabua kifundo cha mkono, na rojo likabanduka kwenye majani likaelea peke yake kama uji uliomwagika. Majani yenyewe yakalegea, yamelewa mafuta. Shangazi alichukua moja, akalitafuna taratibu.

"Mwanangu, hii mboga umeivalisha koti la mvua."

Akanisogeza. Shangazi habari za Thailand hazijui, lakini amekaanga maandazi stendi tangu mimi sijaanza shule. Alitandaza majani juu ya kanga kuukuu, akayagandamiza mpaka yakakauka, akayapaka unga mkavu kidogo kabla ya rojo. Akapepea mkaa. Kisha akadondosha tone moja la rojo kwenye mafuta. Likazama, likatulia chini. "Bado." Akapepea tena. La pili lilizama na kuibuka hapo hapo likitoa mapovu. "Sasa lete." Jani moja moja, kalishika kikonyo, analilaza kama anayemlaza mtoto.

Mchuzi aliuonja kwa ncha ya kidole, akakunja uso, akakamua ndimu nyingine nzima. Alikuwa sahihi. Nikanyunyiza karanga za kutwanga.

Tulikula hapo hapo jikoni, miguu karibu na jiko, watoto wakidokoa moja kwa moja kwenye chujio. Nilimkataza shangazi asifunike yaliyobaki, kwamba mvuke utayalegeza. Wala haikuhitajika. Mumewe alipoingia usiku, koti zito mwilini, alikuta bakuli la mchuzi limekombwa kwa ugali.

"Mboga iko wapi?"

"Ilikuwa inalia," shangazi akasema, "tukainyamazisha."