Theluji Mbele ya Viwanja Vitupu: Kwa Miguu Kusini mwa Chicago

Anayekwenda South Side ya Chicago kwa miguu ajifunze kwanza hesabu ya nambari za milango. Jiji zima limepimwa kutoka makutano ya State Street na Madison Street, hapo ndipo sifuri. Kuanzia 31st, yaani Barabara ya 31, kwenda kusini, na kwa barabara zote za mashariki na magharibi, nambari 800 ni maili moja. Mia moja, basi, ni mita 200 hivi. Duka lenye nambari 328 East liko mita 650 mashariki ya State, na hata bila simu utajua bado umbali gani. Kosa la wageni ni kuidharau ile herufi E (mashariki) au W (magharibi). Nambari 300 E na 300 W za barabara ileile zimeachana zaidi ya kilomita moja, na upepo wa mwezi wa pili hauna huruma na mtu aliyepotea.

Nilikwenda kutazama mitaa ya maduka, nikashuka treni ya Green Line kituo cha 35th asubuhi, siku ya pili baada ya theluji kuanguka. Treni yoyote ya kusini ya mstari huo inafaa. Matawi yake mawili huachana mbele, baada ya Garfield. Hii ndiyo Bronzeville, eneo ambalo Wamarekani Weusi waliohama kutoka majimbo ya kusini walibanwa humo kwa mikataba ya nyumba iliyowakataza kuishi kwingine. Mwaka 1910 walikuwa karibu 44,000 Chicago nzima. 1930 walikuwa zaidi ya 230,000. Mteja hakuwa na pa kwenda, na duka lilikuwa chini ya nyumba yake.

Niliteremka State Street kuelekea kusini. Nambari 3619 ni jengo la Anthony Overton, la mwanzoni mwa miaka ya 1920: mfanyabiashara wa vipodozi aliyeweka humo kampuni yake na benki yake. Hatua chache mbele, 3647, ni jengo la gazeti lake, Chicago Bee, ambalo sasa ni maktaba ya jiji. Mtembeaji aiweke akilini: joto, choo na kiti, vyote bure.

Majengo yote mawili yamekarabatiwa vizuri, ila yamebaki kama meno mawili kwenye ufizi. Miaka ya 1920 kipande hiki cha State kilikuwa na kumbi za muziki, mabenki na vilabu mfululizo. Ng'ambo yake jiji lilijenga miaka ya 1950 maghorofa ya Stateway Gardens, likayabomoa mwanzoni mwa karne hii. Jengo la duka lisilo na jirani halimvuti mpita njia, hata liwe zuri namna gani. Mtu hatembei mita 300 kufuata mlango mmoja.

Kurudi 35th na kwenda mashariki hadi barabara ya King Drive ni mita 800. Hapo pana mnara wa askari weusi wa Illinois waliopigana Vita vya Kwanza vya Dunia, uliosimamishwa 1927, na kwenye kona jengo la kampuni ya bima ya Supreme Life. Nilitazama, nikapita. Maduka ndiyo yaliyonileta, na maduka yalishahamia kusini tangu mwisho wa miaka ya 1920.

Kutoka 35th hadi 47th ni kilomita 2.4. Basi namba 3 hupita King Drive moja kwa moja, lakini Jumamosi ya pili ya Agosti usilitegemee, kwa kuwa gwaride la kila mwaka la Bud Billiken huikalia barabara hiyo. Mimi nilitembea, na njiani theluji ikanifunza jambo.

Sheria ya jiji inamtaka kila mwenye jengo aondoe theluji mbele yake. Kwa hiyo mbele ya kinyozi, saluni au kanisa, saruji ilikuwa wazi, imekauka, na chembe za chumvi zikilialia chini ya kiatu. Ukifika kwenye kiwanja kitupu, njia inakwisha ghafla kama imekatwa kwa kisu. Inabaki theluji iliyokanyagwa ikawa barafu, na katikati yake kijia cha upana wa kiatu kimoja. Anayekuja mbele yako, mmoja lazima akae pembeni. Viwanja vingi vya namna hii upande wa kusini ni mali ya jiji lenyewe, yaani mtunga sheria ndiye asiyeshika koleo. Mwenye kigari cha mtoto hushukia barabarani kwenye magari. Ukitaka kujua mtaa wa biashara umetoboka wapi, njoo siku ya pili baada ya theluji. Ramani haitakuonyesha vizuri hivyo.

Kwenye kona ya 47th na King Drive, jumba la maonyesho la Regal lilifunguliwa 1928 na likabomolewa 1973. Leo mahali hapo pana kituo cha utamaduni, Harold Washington Cultural Center, kilichofunguliwa 2004. Jengo kubwa, lakini usiku usio na onyesho ukuta wake ni ukuta tu. Kinachofaa kutazamwa kiko mita 600 magharibi, kwenye kona ya Michigan Avenue: nyumba za Rosenwald, za 1929, zilizojengwa kuzunguka ua mkubwa, na fremu za maduka chini upande wa 47th. Zilifungwa mwaka 2000 hivi, zikafunguliwa tena 2016. Mamia ya kaya juu, milango ya maduka chini, kituo cha treni umbali wa kutembea: mchoro wa zamani unafanya kazi tena pale. Kati ya hapo na King Drive, lakini, bado kuna mapengo, na kila pengo nililihesabu kwa miguu iliyoteleza.

Nilirudi King Drive nikapanda namba 3 hadi 75th, kilomita 5.6. Ramani rasmi inapaita Greater Grand Crossing. Watu wengi watakuambia Chatham, usibishane nao. Barabara ni nyembamba, majengo ni ya ghorofa moja au mbili, na kiwanja cha kawaida cha Chicago kina futi 25 kwa mbele. Ndiyo maana ukitembea hatua kumi tu unakutana na mlango mwingine. Mitaa ya nyuma ni nyumba za matofali, watu wanaoishi dakika tano kutoka dukani. Barafu ilikuwa haba.

Fanya hesabu ileile: 328 East ni duka la keki la Brown Sugar Bakery, 311 ni Lem's Bar-B-Q ya nyama choma, na 203 ulipo mkahawa wa vyakula visivyo na nyama. Mlango wa kwanza hadi wa mwisho ni mita 250. Keki ya karameli inauzwa kwa kipande, na inahimili baridi mkobani. Kwa Lem's chukua ncha za mbavu, zile gegedu zinazokatwa mbavu zinapopangwa sawa. Huokwa juu ya moto wa kuni ndani ya jiko la vioo ambalo watu hapa huliita akwarium. Chini zinawekwa chipsi, juu sosi, na slesi mbili za mkate mweupe. Omba sosi pembeni. Ikimwagwa, chipsi hulegea kabla hujafika kona.

Tatizo ni kwamba hakuna pa kukaa. Ni chakula cha kubeba, na wateja wengi hula ndani ya magari yao, huku mtaa ukisifiwa kwa kutembeleka. Nilikula nimesimama kwenye kituo cha basi la kuelekea kusini, glavu moja mfukoni, mkate umekunywa mafuta yote. Ukitoka hapo, treni ya Red Line haina kituo 75th. Panda namba 3 hadi 79th, kisha namba 79 kwenda magharibi kidogo tu hadi Red Line. Basi hilo la pili likichelewa ni mita 830 hivi kwa miguu, na nyingi zimepigwa koleo.