Ubao wangu wa bei hapa Sofia, na wale mafundi wa ushauri

Mi ni ejenti wa mobail mani tu, Busia upande wa Uganda, kibanda changu kiko njia ya kuingilia soko la Sofia, sijasomea uandishi wa habari wala nini. Huu ubao watu wanaousifia ulianza kwa hasira. Julai 2018 serikali ilileta ile kodi ya asilimia 1 kwenye mobail mani, na wateja wakawa wananiangalia kana kwamba naila mimi. Baadaye mwaka huohuo ikashushwa ikawa nusu asilimia na kwa kutoa pesa tu, lakini wapi, mtu anatoa laki moja, anaona 500 imeenda juu ya makato ya kampuni, basi ananianzia mbele ya foleni yote. Siku moja nikachana boksi la sabuni nikaandika kwa makapeni: KUTOA 100,000 KODI 500, INAENDA SERIKALINI, SIO KWANGU. Kelele zikapungua palepale.

Nikanogewa. Nikaongeza bei ya shilingi ya Kenya, maana hapa mpakani hata muuza nyanya lazima ajue, nikaongeza petroli, unga, mayai. Mvua ikaja ikalifanya boksi uji.

Sasa ndo ushauri ukaanza kumiminika, na karibu wote wa bure ulikuwa wa hasara. Kijana mmoja wa stesheneri akaniambia nunua waitibodi, mambo ya boksi ni ya kizamani. Ilinila kama elfu hamsini na kitu. Ukikaa ndani ya ofisi yenye pazia waitibodi ni nzuri sana, lakini kibanda changu kinaangalia jua la mchana, ubao ukawa unang'aa mpaka mtu wa boda anafumba macho badala ya kusoma, kalamu zinakauka kabla hujafika kwenye bei ya mayai, na wino uliopigwa jua siku mbili hautoki hata ukisugua na spiriti.

Nikarudi kwenye plaiwudi. Hapo akatokea fundi wa gereji, mtu anayejua kila kitu duniani, akasema usipoteze pesa kwa rangi, chukua oili chafu uchanganye na masizi, utapata ubao mweusi tii na mvua haitaugusa. Kweli ulitoka mweusi! Ulipendeza hata mi nikasimama mbali nikautazama. Nikachukua chaki nikaandika "PETROLI", chaki inateleza tu, haiachi alama, nikikandamiza inakatika, nikajaribu tena kesho yake nikidhani haijakauka, wapi, wiki nzima ubao unatoa jasho la oili chini ya jua na vumbi lote la barabara ya Sofia limekuja kukaa pale. Mama muuza chapati akaegemea akiwa na gauni la kanisani. Hiyo bili ya sabuni sitaitaja hapa. Fundi alipopita aliuangalia akasema ati nimezidisha masizi.

Aliyeniokoa ni mwalimu mmoja mstaafu, huja kuchukua pesa anazotumiwa na watoto wake. Akanicheka kwanza, halafu akasema, "Mwanangu, sisi shule zetu nani alituletea rangi?" Akaniambia tafuta betri za tochi zilizokufa, zile kubwa, zipasue utoe ule unga mweusi, utwange mpaka ulainike, majani ya viazi vitamu uyaponde utoe maji yake, changanya, paka kwa kitambaa, iache ikauke kivulini, paka tena. Plaiwudi ile ya oili sikuigusa, nilinunua nyingine. Ule unga unashika mikono siku nzima, vaa mifuko ya plastiki na usiache watoto wauchezee. Lakini ubao ulikwaruza chaki vizuri mpaka raha, na kila muhula, kama wanavyofanya shule, napaka upya.

Na hii ya mwisho ndo siri yenyewe. Chaki kavu upepo wa malori unaipeperusha, saa nane mchana bei zimefifia. Koroga sukari vijiko kadhaa kwenye kikombe cha maji, loweka chaki dakika chache tu (ukizidisha inavunjika), andika ikiwa bado mbichi. Ikikauka inatoka nyeupe kali, inasomeka toka ng'ambo ya barabara, na haifutiki kwa mkono wala kwa bega la mtu, unafuta kwa kitambaa kilicholowa. Tatizo ni sisimizi. Walinipigia foleni juu ya bei ya unga mpaka 2,600 ikaonekana 2,800 na mama mmoja akaondoka amenuna, siku hizi napaka mafuta ya taa kwenye miguu ya ubao.

Kuhusu cha kuandika, usifute bei ya jana. Iache pembeni ndogo, ya leo kubwa. Watu watabishana wenyewe wala hutahitaji kuongeza neno. Januari 2022, madereva wa malori walipogoma hapa Busia na Malaba kwa sababu ya ada ya kupimwa korona, petroli ilipanda mpaka kuna mahali lita ilifika elfu kumi, na pale ubaoni bei ya jana na ya leo zilikuwa zinaonekana ni za nchi mbili. Vilevile mwanzoni mwa 2024, shilingi moja ya Kenya ilikuwa imeanguka kwetu mpaka kama 24 za Uganda, halafu Februari Kenya wakakopa dola bilioni 1.5 kulipia deni la Eurobond (mkopo wa serikali yao kwa wawekezaji wa nje) lililokuwa linaiva Juni, ndani ya wiki chache ikapanda karibu na 29. Waliokuwa wameficha za Kenya chini ya godoro wakaja kunishukuru, waliouza mapema hawakunisalimia mwezi mzima.

Ubao uling'ara zaidi Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima usiku wa kuamkia uchaguzi. Boda wote waliokuwa wananiita mzee wa ubao kwa dhihaka, asubuhi wako pale wananisubiri nifungue. Mi nilikuwa na laini ya Kenya, inashika ukisimama nyuma ya choo ukaelekea mpakani, na redio. Niliandika yale tu yaliyosomwa redioni, na saa yake pembeni, maoni yangu nikayala. Afande mmoja alikuja akasimama muda mrefu nikajua leo nafunga, kumbe anatafuta bei ya shilingi ya Kenya, akaniuliza kwa nini leo sijaandika.

Saa hizi mvutano ni na jirani yangu wa duka la spea, anataka tangazo lake likae juu ya petroli, bure, kwa sababu ya ujirani. Nimemwambia elfu mbili kwa siku na sukari alete mwenyewe. Ameleta sukari.